Programu Huvuka Mpaka, Usajili Hauvuki

Mtu aliyetengeneza programu ya simu hapa kwetu na kusajili jina la biashara kupitia eCitizen anaweza kupata wateja Dar es Salaam kabla hajafika huko. Programu haihitaji pasipoti. Jina lake ndilo linalobaki nyumbani.

Alama ya biashara iliyosajiliwa na KIPI inalindwa Kenya. Mwingine akiiwahi kwa BRELA, msajili wa Tanzania Bara, mwenye programu huenda akalazimika kubadilisha jina ambalo wateja wameshalizoea. Zanzibar nayo ina msajili wake, BPRA. Cheti cha Bara hakifiki kisiwani.

Tena, jina la biashara si kampuni. Deni la biashara ni deni la mwenyewe, hata shamba linaweza kuuzwa. Afadhali kufungua kampuni kwanza chini ya Sheria ya Kampuni ya 2015. Ikifungua ofisi Tanzania Bara, ina siku 30 kuwasilisha stakabadhi zake kwa BRELA.

Jina lisingoje ofisi. Ombi la alama linaweza kupelekwa mapema kupitia wakala wa huko.