Sadaka Inayosomesha: Uwakili wa Wakristo na Vyuo vya Kanisa

(Hotuba iliyotolewa katika Maadhimisho ya Miaka 100 ya Usharika)



Usharika unapotimiza miaka 100, historia yake huhesabiwa kwanza kwa mambo yanayoonekana kwa macho: jengo la ibada, kengele, nyumba ya mchungaji, shule iliyo ng'ambo ya barabara. Lakini ipo sehemu ya historia ambayo haikuwekewa jiwe la msingi. Ni vijana waliotoka nyumbani wakiwa na sanduku la bati na barua ya kukubaliwa chuoni, wakarudi baada ya miaka kadhaa wakiwa wachungaji, walimu na wauguzi. Kila mmoja wao alisomeshwa na mtu, na mara nyingi mtu huyo hakupata kumwona hata siku moja. Basi sikukuu kama hii yastahili swali hili: Ni zawadi ya namna gani humfikisha mwanafunzi mwisho wa safari yake, na ni ya namna gani huishia njiani?

Kanisa la Kilutheri lina mfano wa zamani wa kujibu swali hilo. Mwaka 1692 Mchungaji August Hermann Francke alikabidhiwa usharika wa Glaucha, kitongoji maskini nje ya mji wa Halle, Ujerumani. Pamoja na uchungaji alikuwa profesa katika chuo kikuu kipya cha mji huo, kilichozinduliwa mwaka 1694. Kila Alhamisi maskini walimjia nyumbani kuomba msaada. Francke hakuridhika kugawa mkate na kufunga mlango. Aliwauliza watoto na watu wazima maswali ya katekisimu, akaona kwamba njaa ya mwili ilikuwa ndogo mbele ya njaa ya elimu. Akaweka sanduku la sadaka sebuleni mwake. Karibu na Pasaka ya mwaka 1695 mtu mmoja akatumbukiza humo thala 4 na groshi 16. Kwa mtu wa kawaida huo ulikuwa msaada wa wiki chache. Francke aliuona kuwa ni mtaji wa kuanzisha jambo. Alitumia thala mbili kununua vitabu 27, akamwajiri mwanafunzi maskini wa chuo kikuu awafundishe watoto saa mbili kila siku.

Yaliyofuata yanapaswa kusimuliwa bila kuficha. Watoto walipewa vitabu waende navyo nyumbani. Katika vitabu 27, ni vinne tu vilivyorudi. Hapo ndipo wafadhili wengi hukata tamaa, na wazee wengi wa kanisa husema, "Hawa hawasaidiki." Francke alichukua groshi 16 zilizobaki, akanunua vitabu vingine, na safari hii akaagiza viachwe shuleni kila baada ya kipindi. Hasara haikukomesha zawadi, bali ilibadilisha utaratibu wa kuitunza. Hilo ndilo funzo la kwanza. Sadaka iliyotumika vibaya hudai uangalizi bora, wala haidai mkono ufumbwe.

Funzo la pili lilitoka mezani. Michango ilipoongezeka, Francke aliwasaidia pia wanafunzi maskini wa chuo kikuu. Mwanzoni waligawiwa fedha. Mwaka 1696 msaada huo ukageuzwa kuwa chakula: wanafunzi 24 wakaketi kwenye meza mbili pasipo kulipa. Lakini aliyekula mezani alikuwa na wajibu wa kufundisha katika shule za watoto maskini. Kwa hiyo mkate mmoja ulilisha watu wawili: mwanafunzi aliyeula, na mtoto aliyefundishwa naye. Wahenga wa Kiswahili wasingeshangaa utaratibu huo, maana ndio waliosema: Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe halimdhalilishi mgeni. Humwingiza katika jamaa ya wenye nyumba.

Funzo la tatu ni hesabu. Kuanzia mwaka 1701 Francke alichapisha taarifa za jinsi zawadi zilivyopokewa na kazi iliyofanyika kwazo. Tena hakutegemea sanduku peke yake. Lilianzishwa duka la dawa, duka la vitabu na kazi ya uchapaji, na faida yake ikasaidia kuendesha shule. Alipofariki mwaka 1727, watoto zaidi ya 2,000 walikuwa wakisoma katika shule hizo, na wanafunzi wa chuo kikuu wapatao 250 walikuwa wakila mezani. Taasisi hizo zingali zipo Halle mpaka leo.

Habari hii si ya mbali kama inavyodhaniwa. Kutoka Halle ndiko kulikokuwa na watu waliotegemeza misheni ya Tranquebar, India ya kusini, iliyoanza mwaka 1706. Karne ya kumi na tisa kazi hiyo ilipokewa na Misheni ya Leipzig, na ni Leipzig hiyo iliyowatuma wamisionari waliofika Kilimanjaro mwaka 1893. Pamoja na Injili walileta desturi ileile ya shule kando ya kanisa, na ya Wakristo wa nchi moja kuwasomesha Wakristo wa nchi nyingine.

Lakini historia ya huku ina funzo lake la pekee. Mara mbili mkono wa ng'ambo ulikatika ghafla. Vita vya Kwanza vya Dunia viliwaondoa wamisionari wa Kijerumani, na Vita vya Pili, vilivyoanza mwaka 1939, viliwaondoa tena. Ni kweli Walutheri wa Marekani wa Sinodi ya Augustana walikuja kusaidia, na Kanisa halitasahau wema huo. Hata hivyo, waliobaki na kundi siku kwa siku walikuwa walimu, wainjilisti na wazee wenyeji. Waliweza kulibeba Kanisa kwa sababu walikwisha kufundishwa. Fedha ya mfadhili ilikuwa imesimama. Elimu iliyonunuliwa kwa fedha hiyo haikusimama.

Vita vilipokwisha, mwaka 1947, mafunzo ya pamoja ya wachungaji yalianza Lwandai, katika milima ya Usambara. Mwaka 1954 chuo kikahamia Makumira, karibu na Usa River, chini ya Mlima Meru. Makanisa saba yalipoungana mwaka 1963 na kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, tayari yalikuwa na chuo ambamo wachungaji wao walikuwa wameketi darasa moja. Mwaka 1997 Makumira ikawa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Tumaini, na baadaye ikawa chuo kikuu kamili kinachofundisha pia sheria, ualimu na muziki. Katika safari hiyo yote makanisa rafiki ya Ulaya na Marekani yametoa majengo, vitabu, walimu na ufadhili. Dayosisi nazo zimetoa vijana wao na gharama za kuwasomesha.

Ni vema kueleza zawadi hufanya nini inapofika chuoni. Ada haitoshi kamwe kulipa gharama yote ya kumfundisha mtu. Lazima walimu walipwe, maktaba inunue vitabu vipya, umeme uwake, paa linalovuja lizibwe. Mfadhili hupenda kujenga jengo, kwa kuwa jengo huonekana. Ni wachache wanaofurahia kulipia umeme wa jengo hilo. Kwa hiyo zawadi ndogo isiyofungwa na masharti, inayokuja kila mwaka bila kukosa, mara nyingi hukiokoa chuo kuliko zawadi kubwa inayokuja mara moja. Zawadi iliyo bora zaidi ni ile iwekwayo katika mfuko wa kudumu, ambamo mtaji hauguswi na faida yake husomesha wanafunzi kizazi baada ya kizazi.

Kwa upande wa mwanafunzi, kiasi kinachomzuia mara nyingi si kikubwa. Yupo aliyelipiwa ada lakini hana chakula cha muhula. Yupo anayekaribia mtihani wa mwisho huku akidaiwa. Serikali imekuwa na Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu tangu mwaka 2005, lakini si kila mwombaji hupata, na apataye huenda asipate yote. Hapo mkungu wa ndizi na debe la mahindi vilivyonadiwa baada ya ibada huwa tofauti kati ya kijana anayehitimu na kijana anayerudi nyumbani na deni na aibu.

Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Mtume Paulo alipowaandikia Wakorintho sura ya nane ya waraka wa pili, aliwatolea mfano makanisa ya Makedonia, ambayo hayakuwa tajiri, bali yalikuwa katika dhiki na bado yakaomba nafasi ya kushiriki katika kutoa. Hiyo ndiyo njia iliyo mbele ya usharika wenye umri wa miaka 100. Karne ya kwanza iliupa nafasi ya kupokea. Karne ya pili inautaka ufanye kama Halle: umtafute mwanafunzi, umtegemeze, umpe jembe kwa kumtaka afundishe watoto wa shule ya Jumapili na vijana wakati wa likizo, na usomewe hesabu ya sadaka hiyo hadharani. Naye aliyesomeshwa, akipata kazi, amsomeshe mwingine.

 Aliyetumbukiza thala 4 na groshi 16, siku ile hakuona shule, hakuona meza, hakuona mlima Kilimanjaro. Mungu aliyeyaona hayo yote na aubariki Usharika huu, awabariki watoao na wapokeao, na aifanye kila sadaka kuwa mbegu. Amina.