Usalama wa Maabara Huanzia kwenye Hati ya Ununuzi



Tarehe 14 Agosti, 1996, katika Chuo cha Dartmouth nchini Marekani, Profesa Karen Wetterhahn alikuwa akihamisha kiowevu cha zebaki kiitwacho daimethilimekuri. Matone machache yakadondokea glovu yake. Mama huyo hakuwa mzembe. Alikuwa bingwa wa kemia ya metali zenye sumu, alivaa glovu za mpira, na alifanya kazi ndani ya kabati la kufyonza hewa chafu. Miezi ikapita. Januari, 1997, alikuwa akiyumba na kusema kwa taabu; tarehe 8 Juni mwaka huo akafariki dunia, akiwa na umri wa miaka 48. Majaribio ya baadaye yalionyesha kwamba kiowevu kile hupenya glovu za namna ile katika muda wa sekunde 15 au pungufu.

Kisa hiki husimuliwa mara nyingi kama somo la glovu. Lakini lipo swali linalotangulia glovu: je, kulikuwa na ulazima wa kununua chupa ile? Ilitakiwa iwe kipimo cha kulinganishia katika mtambo wa uchunguzi, kazi ambayo ingeweza kufanywa na michanganyiko mingine ya zebaki yenye hatari ndogo zaidi. Baada ya msiba huo, wakuu wa usalama kazini wa Marekani walihimiza maabara zitafute badala yake. Wito huo haumfai tena mtu aliyekwisha kuishika chupa mkononi. Wenye uwezo wa kuutekeleza ni yule anayejaza hati ya kuagizia na yule anayeitia sahihi.

Hapa Tanzania sheria ipo. Sheria ya Usimamizi na Udhibiti wa Kemikali za Viwandani na Majumbani ya mwaka 2003 inawataka wafanyao biashara ya kemikali wasajiliwe, na hivyo afisa ugavi anaponunua kwa mchuuzi asiyesajiliwa hana udhuru. Hata hivyo, sheria haiwezi kumwamulia mkuu wa idara kama anahitaji chupa moja au pipa zima.

Na hapo ndipo penye ugonjwa. Mwaka wa fedha unaisha tarehe 30 Juni, kasma ina salio, na bei ya jumla ni nafuu. Basi huagizwa pipa. Etha iliyokaa muda mrefu, ikapata hewa na mwanga, hufanya peroksaidi ambazo hulipuka. Asidi ya pikriki ikikauka yaweza kulipuka kwa msuguano wa kifuniko tu. Gharama ya kuteketeza mabaki hayo kwa usalama haionekani katika zabuni yoyote, ingawa mara nyingine huipita bei ya kununulia. Huo si ubanaji wa matumizi hata kidogo.

Hapana budi mwalimu aandike kwenye ombi lake kazi ya kemikali, kiasi cha muhula mmoja, na mahali itakapohifadhiwa. Afisa ugavi naye adai hati ya usalama kabla ya mzigo kuondoka kwa muuzaji, aisome pamoja na fundi wa maabara, kisha glovu zinunuliwe kwa kufuata hati hiyo, si kwa mazoea. Kila chupa iandikwe tarehe siku inapopokelewa. Tena mzigo usipangwe kufika Ijumaa jioni, ukaachwa langoni kwa mlinzi ambaye hajui kilichomo.