HESABU YA JENERETA



Umeme ukatikapo usiku katika mitaa ya Nakawa, kutoka Naguru hadi Mbuya, sauti ya kwanza kusikika ni ngurumo ya jenereta. Mwenye nayo huhesabiwa kuwa amelishinda giza. Ni nadra kumwona akiketi kupiga hesabu.

Ikumbukwe kwamba Uganda yenyewe ilikwisha kuipiga hesabu hiyo, tena kwa uchungu. Mwaka 2005, kina cha Ziwa Nyanza kiliposhuka na mitambo ya Jinja kukosa maji ya kutosha, jenereta za dizeli zenye nguvu ya megawati 50 zilifungwa Lugogo, jirani na Nakawa. Mwanga ulipatikana, lakini mwaka 2006 bei ya umeme wa majumbani ikapandishwa sana. Nafuu ilisubiri bwawa la Bujagali, mwaka 2012.

Mzigo ulioielemea serikali hauwezi kuwa mwepesi kwa askari mwenye mshahara mmoja. Jenereta ndogo huteketeza lita ya petroli kwa yuniti moja au mbili tu. Kwa kuwa lita hiyo mjini Kampala hupita shilingi 4,000, kila yuniti humgharimu zaidi ya shilingi 2,000. Umeme wa mita ya Yaka, pamoja na kodi, haufiki 1,000. Na zile yuniti 15 za kwanza za mwezi hutozwa shilingi 250 kila moja. Wanaoilalamikia bei ya Yaka wana haki yao, lakini petroli si kimbilio.

Kwa taa mbili tatu, redio na simu, paneli ya jua na betri yake vyatosha. Pasi na jiko havimo, na muuzaji asemaye vinginevyo apuuzwe.

Liko jambo zito kuliko fedha. Vile vibanda vya bati vya makambi ya polisi, viitwavyo “mama ingia pole”, vina chumba kimoja na mlango mmoja. Wapo waingizao jenereta ndani kwa kuhofia wezi (ajabu, katika kambi ya polisi!). Moshi wake una gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, nayo humwua aliyelala kabla hajashtuka. Jenereta na ikae nje, mbali na mlango na dirisha. Wala isichomekwe katika soketi ya ukutani: umeme hurudi hadi kwenye nguzo, na fundi aliyepanda kutengeneza nyaya, akiamini hazina kitu, huuawa hapo hapo.