Kijana Asiye na Shule Wala Kazi ni Amana ya Msikiti

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa walimwengu. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ndugu Waislamu, tunazungumza leo juu ya vijana wetu wa Mbeya na Iringa ambao hawamo shuleni, hawamo kazini, wala hawamo katika mafunzo. Tunatoka kuswali, tunawapita vijiweni, tunawaita wahuni, kisha tunakwenda zetu. Na mabinti walioacha shule hata hatuwaoni, kwa kuwa wao wamo majumbani.

Miji yetu imekwisha kuonywa. Novemba 2011 wamachinga wa Mbeya walipambana na polisi. Mei 2013 yakatokea mfano wa hayo Iringa, eneo la Mashine Tatu. Hatuhalalishi fujo hata kidogo, lakini kilichogombewa kilikuwa ni mahali pa kutafutia riziki.

Amepokea Abu Daud kutoka kwa Anas bin Malik kwamba mtu mmoja wa Ansari alimwendea Mtume (S.A.W.) kuomba. Mtume akamuuliza ana nini nyumbani. Akaleta tandiko na bakuli, vikauzwa kwa dirhamu mbili: moja akanunulia chakula cha watu wake, ya pili ikanunua shoka. Mtume akalitia mpini kwa mkono wake, akamwamuru akachanje kuni na asionekane hadi zipite siku 15. Akarudi na dirhamu kumi. Wapo wanachuoni waliozungumzia udhaifu wa isnadi yake, lakini katika Bukhari imesihi kwamba kubeba kuni mgongoni ni bora kuliko kuomba watu. Basi tuzingatie: hakutukanwa, wala hakupewa sadaka akaachwa. Aliulizwa ana nini, akapewa zana, akawekewa muda.

Nasi tufanye hivyo hivyo.

Kwanza, kila msikiti uwe na daftari la vijana wake, wa kiume na wa kike: jina, elimu, na kazi anayoiweza.

Pili, mafunzo. VETA, iliyoanzishwa kwa sheria ya 1994, ina vyuo Mbeya na Iringa, na kijana aliyeishia darasa la saba hafungiwi mlango. Aidha, katika safu zetu wamo maseremala, mafundi cherehani na mafundi magari. Kila mmoja amchukue kijana mmoja amfundishe.

Tatu, mtaji. Waislamu wengi huikimbia mikopo kwa kuogopa riba, na wana haki ya kuogopa. Lakini kwa sheria iliyorekebishwa mwaka 2018, kila halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, na mikopo hiyo haina riba. Ilisitishwa mwaka 2023, ikarejeshwa mwaka 2024. Hutolewa kwa vikundi. Je, ni vikundi vingapi vimetoka misikitini mwetu? Ila atakayekopa ajue kwamba deni ni deni: Mtume (S.A.W.) alijizuia kumswalia maiti mwenye deni mpaka Abu Qatada alipojitwika kulilipa.

Tena ipo zaka. Mafukara na masikini ndio wa mwanzo kutajwa katika Surat At-Tawba, aya ya 60, na Imamu an-Nawawi ameeleza katika al-Majmu' kwamba fundi fukara hupewa cha kununulia zana za kazi yake. Basi mkulima wa mpunga wa Mbarali na wa mahindi ya Isimani watoapo zaka ya mavuno, sehemu yake iwe cherehani, randa au jembe mkononi mwa kijana, badala ya kugawanywa vikombe vikombe ikaisha kwa wiki moja.

Viongozi wa misikiti, tusisubiri semina. Daftari lianze Ijumaa hii, na baada ya siku 15 tuulizane: ni nani amepata shoka lake?

Tunamuomba Allah awaongoze vijana wetu, awape riziki ya halali, na asituulize Siku ya Kiyama juu ya amana tuliyoipoteza. Amin.

Wabillahi Tawfiq.