Moyo Ukidhoofika, Akili Nayo Huyumba



Leo tumekusudia kuzungumza juu ya jambo tunaloliona katika safu zetu bila ya kulitambua. Mzee wetu mmoja, aliyezoeleka kuwa wa kwanza kufika Alfajiri, alianza kusahau idadi ya rakaa. Baadaye akasahau njia ya kurudi nyumbani. Wapo waliosema ni uzee, na wapo waliosema ni majini. Hakuna miongoni mwetu aliyeuliza kwa nini miguu yake imevimba, wala kwa nini usiku alilala ameketi kwa kukosa pumzi. Alipofikishwa kwa daktari ilibainika kwamba moyo wake umeshindwa kusukuma damu ipasavyo.

Je, moyo na kumbukumbu vina uhusiano gani? Ubongo ni takriban asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hupokea kiasi cha asilimia 15 ya damu itokayo moyoni. Moyo ukidhoofika, ubongo hupungukiwa. Mtu huwa mzito wa kufikiri, hukosa umakini na husahau. Aidha, moyo unaopiga bila mpangilio huweza kugandisha damu ndani yake, na bonge hilo likifika ubongoni huleta kiharusi.

Hapo ndipo msiba unapozidi. Mgonjwa aliyesahau hasahau rakaa tu, husahau na dawa. Akisahau dawa moyo huzidi kudhoofika, na moyo ukizidi kudhoofika husahau zaidi. Tena wapo wazee wanaoacha kwa makusudi dawa ya kutoa maji mwilini, hasa siku ya Ijumaa, kwa kuchelea udhu kutenguka. Hawa tusiwalaumu. Tuwapishe nafasi karibu na mlango, na tuwaelekeze wamwulize daktari saa inayofaa kuimeza.

Chanzo kikubwa nchini mwetu kinajulikana. Katika utafiti uliofanyika Hospitali ya Taifa Muhimbili na kuchapishwa mwaka 2014, wagonjwa 427 wa moyo kushindwa kufanya kazi walichunguzwa, na asilimia 45 kati yao maradhi yao yalitokana na shinikizo la damu. Nasi watu wa Dodoma, Kondoa na Kongwa tukumbuke kwamba chumvi haimo katika kopo la chumvi peke yake. Magadi tunayotia katika mlenda nayo yana sodiamu, ileile iliyomo katika chumvi, inayozuia maji mwilini na kupandisha shinikizo.

Basi tufanye nini? Si kila usahaulifu hutokana na moyo; lakini mzee anayesahau, huku miguu imevimba na pumzi ni fupi, apelekwe hospitali apimwe. Hapa Dodoma, Hospitali ya Benjamin Mkapa, iliyofunguliwa mwaka 2015, ina huduma za kibingwa za moyo. Akichanganyikiwa ghafla, au mdomo ukipinda, asisubiri kesho. Katika kila nyumba ateuliwe kijana mmoja wa kushika dawa za mzee na kumwona akizimeza. Na kabla ya Ramadhani, mgonjwa aonane na daktari wake, asijibadilishie saa za dawa mwenyewe.

Mzee huyo angali anaswali nasi. Mjukuu wake husimama ubavuni mwake. Tujiulize: ni wangapi wengine tuliowaita wazee waliochoka, kumbe ni wagonjwa wanaotibika?

Wabillahi tawfiq.