Kabla Mgonjwa Hajarudi Nyumbani: Ushauri wa Usalama katika Kuzuia Kujiua



Utangulizi

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa zaidi ya watu 720,000 hufa kwa kujiua kila mwaka, na karibu robo tatu yao ni wa nchi za kipato cha chini na cha kati. Mada hii inahusu jambo ambalo hata zahanati ndogo inaliweza: kuzungumza na mgonjwa na ndugu zake kuhusu usalama wa nyumba anayorudi.

Kwa nini nyumba?

Wengi husema aliyekusudia kujiua hazuiliki. Si kweli. Mara nyingi msukumo wa kujiua hupanda ghafla na kupungua baada ya muda, na wengi walionusurika hawafi kwa kujiua baadaye. Sri Lanka ilipopiga marufuku viuatilifu vyenye sumu kali zaidi, hasa kuanzia 1995, kiwango cha vifo vya kujiua kilishuka kwa takriban asilimia 70 katika miaka 20. Hatari ikiwa mbali na mkono, mtu hupata muda wa kusaidiwa.

Tuulize nini?

Kuulizwa hakumtii mtu wazo la kujiua. Aghalabu humpunguzia mzigo. Muulize faraghani, kwa upole na bila kuzunguka: “Mdogo wangu, kwa haya unayopitia, umewahi kufikiria kujiua? Umewaza utafanyaje? Hicho kitu kipo nyumbani?”

Kisha, kwa ridhaa yake, mwite ndugu anayemwamini. “Mama, dawa za shambani mnaziweka wapi?” Akijibu, “Chini ya kitanda, pamoja na mbegu,” usiishie kumwambia wawe waangalifu. Kubalianeni nani atazitoa leo hii, zitakaa kwa nani, na ufunguo atashika nani. Dawa za hospitali nazo zitolewe kidogo kidogo, za wiki badala ya mwezi. Kesho yake piga simu uhakikishe.

Mpango wa usalama

Wataalamu wa Marekani Barbara Stanley na Gregory Brown waliandaa mpango mfupi ambao mgonjwa huuandika pamoja na tabibu: dalili za kuzidiwa, mambo ya kumtuliza, watu na mahali pa kumliwaza, ndugu wa kuombwa msaada, mtaalamu wa kupigiwa simu, na namna ya kuweka nyumba salama. Utafiti wao wa 2018 katika vyumba vya dharura ulionyesha kuwa waliopata mpango huo pamoja na simu za ufuatiliaji walikuwa na matendo ya kujiua pungufu kwa takriban asilimia 45, wakilinganishwa na waliopata huduma ya kawaida.

Kikwazo cha sheria

Mgonjwa anayeogopa polisi hasemi ukweli. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kuwa kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kinachofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, kinakiuka Katiba. Tanzania bado ina kifungu kama hicho, cha 217. Mgonjwa aliyenusurika anahitaji matibabu, si pingu.

Mapendekezo

Swali la usalama wa nyumbani liingizwe katika fomu ya kumruhusu kila mgonjwa aliyejidhuru. Wauguzi wa zamu wafundishwe kuuliza na kufuatilia. Nasi matabibu na wauguzi tusingoje waraka: tuanze na mgonjwa tutakayempokea kesho.