Dakika tano za kusikia: maneno yetu kwa vijana wa Beni

  Wengine mumetoka Boikene, wengine Rwangoma, wengine Ngongolio, na wote munajua ya kama hapa kwetu saa ya kurudi nyumbani si sisi tunaichagua. Basi hatutakawisha.

Tunataka kuanza na simu. Kila mutu ako na yake, tusidanganyane. Asubuhi, mbele ya kunawa uso, tunafungua WhatsApp. Tunasoma: usiku wameua huko, nyumba zimeunguzwa kule, motari hajarudi. Tunaweka alama ya machozi. Tunashusha kidole kidogo tu, kuna video ya kuchekesha. Tunacheka. Tunashusha tena. Ikifika saa mbili ya asubuhi, tumekwisha kusahau ni kijiji gani.

Tangu mwezi wa kumi 2014 tunazika mu territoire ya Beni. Mwezi wa tano 2021 serikali ilitangaza hali ya dharura, Nord-Kivu na Ituri, na bado tunazika. Sisi wa harakati tumeandika mabarua, tumetembea mu barabara, tumefungwa, tumetoka. Hayo munayajua. Lakini kuna kitu kimoja tulikuwa tunaficha, na leo tunakisema wazi: sisi wenyewe tulianza kuzoea. Tulikuwa tunahesabu watu bila kuwakumbuka. Raporo ilitoka muzuri, na tarehe, na idadi, lakini mu roho hakuna kitu. Mutu akizoea kifo cha jirani, ile siku njo muuaji ameshinda ata bila kurudi.

Njo maana tumewaita. Hatukuwaita kwa maandamano. Tumewaita tuwaambie kazi ndogo tunafanya kila siku, dakika tano tu: kusikia nyimbo za Bambuti na kukumbuka watu wetu. Najua wengine wanatabasamu. Ngojeni kidogo.

Hii kitu ilianza na aibu yetu. Kuna mwaka tuliandaa siku ya amani. Tuliita orkestra moja ya mujini, tukailipa mbele, dola mukononi. Tuliita pia kikundi cha Bambuti toka kambi moja kandokando ya barabara ya Mambasa, waje kuimba mbele ya hotuba, juu watu wachangamuke. Wale walikuja kwa mguu. Tuliwapa fanta, biskuti na chumvi. Wakaimba. Tukapiga makofi, tukachukua video, tukawaomba waongeze mwendo. Kisha tukashika mikro na kusema saa nzima juu ya usawa wa raia wote.

Wakati wa kuagana, mama mumoja muzee alitukaribia, akauliza: "Mulicheza. Mulisikia?" Sisi tukazani anauliza kama sauti ya mikro ilifika. Tukamujibu, ndiyo mama, tulisikia muzuri. Akatuangalia, akaenda.

Nyuma ya siku chache, kijana mumoja wa kwao alitueleza. Kati ya zile nyimbo, moja walikuwa wanaimba juu ya mutu wao waliyemuzika ile ile juma. Ule njo mwimbo tuliwaomba waongeze mwendo.

Tulirudi kule kambini. Tulipeleka pesa sawasawa na ile ya orkestra. Yule mama alipokea, akahesabu, akasema imefika. Hakutushukuru, na hakukuwa na sababu ya kutushukuru: deni ni deni. Kisha tukamuambia: mama, tunaomba sasa tusikie. Akakubali. Lakini akatupangia: hizi munaweza kubeba mu simu, zile hapana, zile ni za kwao na za saa yao. Tulitii. Ata leo mu simu zetu hakuna mwimbo uliokatazwa, na mutu wa harakati akiuweka mutandaoni, si mwenzetu.

Sasa, ukisikia hizi nyimbo mara ya kwanza, unaweza kusema ni vurugu. Hakuna mukubwa wa kwaya anayeinua mukono. Hakuna solisti mbele na wengine nyuma. Maneno ni kidogo sana, pengine sauti tupu. Sikia mara ya pili. Mutu mumoja ameshika kipande chake kidogo, kifupi. Mwengine anaingia pale wa kwanza anavuta pumzi. Wa tatu anapita juu yao, anashuka, anapanda. Mutoto naye anaingia na kipande chake, na hakuna anayemunyamazisha. Hakuna ata mumoja anayeimba mwimbo muzima, lakini mwimbo ni muzima. Na mumoja akinyamaza, unasikia shimo pale alikuwa.

Hilo shimo njo lilitufundisha. Siku moja tulikuwa tunasikia, na kamaradi mumoja akasema: hivi njo inapashwa kuwa mutu akikufa. Inapashwa tusikie pale alikuwa.

Kuna mambo tulisoma pia. Colin Turnbull, Mwingereza, aliishi na Bambuti kule Epulu, Ituri, mu miaka ya 1950, akaandika kitabu kilichotoka mwaka wa 1961. Alieleza ya kama kwao pori ni baba na ni mama. Mambo yakiharibika sana, mutu akikufa, wanasema pori limelala, haliangalie watoto wake. Basi wanaimba, usiku huu na usiku mwengine, ili liamuke. Na wanaliamusha kwa nyimbo juu wanataka liamuke na furaha.

Tuliposoma pale tulinyamaza. Juu na sisi, ni nani amelala? Serikali imelala, ndiyo, hiyo tunaisema kila juma. Wale wa inchi za ngambo wamelala. Lakini na sisi wenye simu mukononi, tumelala na macho wazi. Kupiga kelele tumekwisha kupiga. Pengine kelele peke yake haiamushe mutu. Inamufundisha kujifunika blangeti.

Na mujue sauti za hawa watu zimefika wapi. Mwaka wa 1977 Wamarekani walirusha vyombo viwili mu anga, Voyager 1 na Voyager 2. Ndani waliweka sahani ya dhahabu yenye muziki wa dunia: kuna Bach, kuna Beethoven, kuna Chuck Berry. Na kuna mwimbo wa wasichana Bambuti, hapa kwetu, wanaimba juu ya wasichana kuingia utu-uzima. Haufike ata dakika moja. Mwaka wa 2012 Voyager 1 ilivuka mupaka wa upepo wa jua letu, na inaendelea. Hakuna Mukongomani, ata mwanamuziki wetu mukubwa gani, sauti yake imefika mbali hivyo. Lakini ukiangalia orodha ya zile nyimbo, jina la Turnbull aliyerekodi liko. Majina ya wasichana walioimba hayako.

Munaona? Dunia inaweza kubeba sauti yako mpaka kwenye nyota na kuacha jina lako njiani. Na sisi hapa Beni tulifanya ile ile: tulibeba mwimbo, tukaacha maiti waliyokuwa wanamulilia.

Makamaradi, tusiseme juu ya nyimbo kama vile watu wenyewe hawako. Mu mwisho wa 2002 na mwanzo wa 2003, kule Mambasa, waasi walifanya vita waliyoipa jina la Kifaransa, "Effacer le tableau". Ni kusema: kufuta ubao. Wanande walifutwa, Bambuti walifutwa, na wengine. Watu wa huko wanakumbuka ile miaka bila kitabu. Huku Sud-Kivu, mbuga ya Kahuzi-Biega ilianzishwa mwaka wa 1970 na kupanuliwa mwaka wa 1975, na Batwa walitolewa mu pori la wazee wao, bila malipo. Mwaka wa 2024 uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu ulitangazwa: serikali yetu ilivunja haki za hawa Batwa, na inapashwa kuwarudishia ardhi na kuwaomba radhi mbele ya watu wote. Na tangu tarehe 15 mwezi wa saba 2022, Kongo iko na sheria inayolinda wenyeji wa asili: wana haki juu ya ardhi na mali ya pori waliyoishi nayo, na hakuna wa kuwahamisha bila wao wenyewe kukubali. Sheria iko. Ni wangapi kati yetu waliisoma? Mu raporo zetu tunaandika "ba-PA", herufi mbili, tunapita. Mutu mwenye alifundisha masikio yetu kusikia, tunamuandika kwa herufi mbili!

Basi sasa, ile kazi ya dakika tano. Ni hivi.

Jioni, mbele ya kulala, ao asubuhi mbele ya kufungua WhatsApp. Unaketi. Ukiwa na wenzako ni muzuri zaidi: mu nyumba, mu kiosko, ata kwenye parking ya moto. Mwimbo mumoja tu, toka mwanzo mpaka mwisho. Simu inawekwa chini, kioo kikiangalia udongo. Hakuna kusema. Mwimbo ukiisha, mutu anasema jina moja. Jina, si namba. Mutu wa avenyi yenu, mwalimu, mama aliyeuza sombe pale sokoni, motari. Wasiokuwa na jina la karibu wanasema la mutu aliyetutangulia mu hii kazi: Floribert Chebeya, aliyeuawa Kinshasa mwezi wa sita 2010. Luc Nkulula, aliyekufa mu moto wa nyumba Goma mwezi wa sita 2018. Ota Benga, kijana wa Kongo waliyemuweka mu mbuga ya wanyama kule New York mwaka wa 1906, watu wakaenda kumuangalia. Ukitaja jina, unasema kitu kimoja unachojua juu yake. Ni yote. Kisha kila mutu anaenda kwa kazi yake.

Kuna wenye kutuuliza. Wa kwanza anasema: mwimbo unasimamisha risasi? Hapana, ndugu. Hausimamishe. Lakini mutu aliyesikia jina la jirani asubuhi, ukimuita saa inne kwa maandamano, anakuja. Yule aliyesoma namba tu, anaweka alama ya machozi. Hiyo tofauti tumeiona na macho yetu.

Wa pili anasema: hayo ni mambo ya kipagani, kanisa yetu inakataza. Mama, baba, tunaheshimu. Hatuombe mutu aache sala yake. Wengine kati yetu wanasikia mwimbo kisha wanapiga rozari, wengine wanafungua Kurani. Tunaomba tu usiite sauti ya muntu mwenzako shetani mbele ya kuisikia.

Wa tatu, na huyu njo alituchoma zaidi, ni kijana Mumbuti. Alituambia: "Munasikia nyimbo zetu kila siku, lakini mu mikutano yenu niko peke yangu." Hatukuwa na jibu. Bado hatuna jibu lenye kutosha. Kwa leo tunaweza kusema tu ya kama yeye si "mualikwa" tena. Ako mu kamati, na anapiga kura kama sisi wote. Mumoja haitoshe. Mwimbo wao wenyewe unatuambia: ukinyamazisha sauti moja, shimo linasikika.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu, na tunaanza na sisi wenyewe.

Kwanza, vijana wote wa harakati: hakuna tena kuita kikundi cha Bambuti ao cha Batwa kwa fanta na chumvi. Wanalipwa kama wanamuziki wengine, wanaulizwa mwimbo ni wa nini, na wanapewa mikro nyuma ya mwimbo, waseme.

Pili, maredio ya hapa Beni, Oicha na Butembo: pigeni hizi nyimbo, lakini kwa ruhusa, na mutaje aliyeimba na kambi yake. Jina, si "muziki wa pori".

Tatu, wakubwa wa serikali: sheria ya 2022 ifanye kazi. Itafsiriwe mu Kiswahili na mu luga za kambini, isomwe kwa sauti pale watu wanaishi. Na amani irudi, juu mutu hawezi kuimbia pori lenye anaogopa kuingia.

Sisi tunamaliza hapa. Mbele hatujaachana, tutafanya zile dakika tano pamoja. Mwimbo ule ni wa yule mama muzee. Ameturuhusu, na mutoto wake wa kike ameketi hapa mbele, munaweza kumusalimia. Tunaomba kila mutu aweke simu chini.

Tukiisha kusikia, kila mumoja ataje jina moja. Na kesho, mama akituuliza tena kama tulisikia, tusijibu haraka.

 Tusikie sasa.